Uliza Mwalimu: Ile "s" ni ya nani?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo lile lile, kila moja kwa mlango wake: kitenzi cha Kiingereza kinamfuata nani, na kwa nini kinabadilika? Nimeziweka pamoja. Nilifundisha Kiingereza sekondari kwa miaka 31 na sasa nimestaafu, niko nyumbani Muheza, kwa hiyo ninao muda wa kujibu kwa kirefu pale panapostahili.

Shikamoo mwalimu. Kwenye insha niliandika "My mother sell dagaa", nikawekewa alama nyekundu kwamba nimesahau s. Insha iliyofuata nikaandika "My parents sells dagaa", nikawekewa alama nyekundu tena. Mimi nilijua s ni ya wingi. Sasa kila nikitaka kuandika habari za nyumbani mkono unasita. Nishike lipi?
*Mwanafunzi wa kidato cha pili, Musoma*

Marahaba, binti yangu. Endelea kuandika habari za nyumbani, tena mwandike mama yako kwa wingi wa sentensi. Kosa lako la pili limenifurahisha, kwa sababu linaonyesha ulikuwa unatafuta kanuni. Umeshika s isiyohusika tu.

S ziko mbili, zinafanana sura lakini kila moja ina kwao. Ya kwanza hukaa kwenye jina na kazi yake ni wingi: "boy", "boys". Ya pili hukaa kwenye kitenzi na ni ya umoja, tena umoja wa yule tunayemsema, asiye mimi wala wewe: "the boy runs". Wakiwa wengi, inaondoka: "the boys run". Wapo wanaofundisha kwamba s ikitoka huku inahamia kule, kama mizani. Usiitegemee sana hiyo, maana "the children run" haina s popote na ni sahihi kabisa.

Fanya hivi. Kabla hujaandika kitenzi, kiseme kwa Kiswahili usikie kinaanza na nini. Mama *a*nauza: weka s. Wazazi *wa*nauza: usiweke. Na si kwa watu peke yao. Kisu *ki*nakata, "the knife cuts". Visu *vi*nakata, "the knives cut". Mto *u*nafurika, "the river floods". Mito *i*nafurika, "the rivers flood". Jani *li*naanguka, "the leaf falls". Majani *ya*naanguka, "the leaves fall". Viambishi vyetu vyote vya umoja Kiingereza kimevikusanya katika s moja, na vya wingi vyote kimeviacha mikono mitupu. Basi. Wewe kabla hujamaliza kuota meno ulikuwa ukisema "kiatu kimepotea" na "viatu vimepotea" bila kufundishwa na mtu. Kazi ngumu ya upatanisho uliimaliza utotoni.

Hili sikulijua nilipoanza kazi. Miaka hiyo niliwaambia wanafunzi waache Kiswahili nje ya mlango wa darasa, na aliyekitumia aliadhibiwa. Mwaka 1996, kidato cha kwanza, msichana mmoja aliyekaa dirishani alinyoosha mkono akasema kwa Kiswahili, huku akijua linalomngoja: "Mwalimu, kumbe Kiingereza nacho kina ngeli, ila ni mbili tu." Nilisimama na chaki mkononi. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nikichora majedwali ya nafsi ubaoni, na hakuna jedwali lililosema hilo waziwazi kama yeye. Sikumwadhibu, na tangu siku hiyo Kiswahili kilikaa darasani mwangu.

Sasa, kama kazi hii unaijua, kwa nini s inakuponyoka? Naona sababu mbili. Ya kwanza ni mahali inapokaa. Sisi alama ya mwenye tendo tunaiweka mbele ya kitenzi, sikio linaipokea kabla ya lolote. Kiingereza kinaiweka mkiani, na mkia wenyewe ni konsonanti, wakati sisi tumezoea maneno yanayoishia kwa irabu. S inapita bila kusikika. Ndiyo maana ninawasihi wanafunzi wasome insha zao kwa sauti, polepole, wakivuta mwisho wa kila kitenzi.

Sababu ya pili ndiyo mtego wenyewe, na sijauona ukielezwa inavyostahili. Mazoea ya kila siku tunayasema kwa hu-. Mimi huuza, wewe huuza, mama huuza, wazazi huuza. Umeona? Hu- imefuta nafsi zote. Kitenzi hakimfuati mtu yeyote. Na ile "sells" ya Kiingereza, wakati uliopo usio na "ing", kazi yake kubwa ni hiyo hiyo ya hu-: jambo linalofanyika kila mara. Kwa hiyo pale pale Kiswahili kinapokupumzisha, Kiingereza kinakudai s. Mtoto wa Kiswahili akiandika "my mother sell", mimi nasikia "mama huuza" nyuma yake.

Chukua daftari uandike mambo ya mama kwa hu-: Mama huamka saa kumi na moja. Huwasha moto. Huenda mwaloni. Hununua dagaa. Huwaanika. Huwauza sokoni. Kisha uyageuze: "My mother wakes up at five. She lights the fire. She goes to the lake shore. She buys dagaa. She dries them. She sells them at the market." Saa kumi na moja yetu ni "five" yao, hapo wengi huteleza. Angalia "goes" iliyoongezwa e kwa sababu ya o, na "dries" ambayo y yake imegeuka i. "Play" haigeuki, inabaki "plays", kwa kuwa kabla ya y kuna irabu. Ukimaliza, andika upya yote sita ukianza na "My parents", uone s zinavyoondoka moja baada ya nyingine. Fanya hivyo jioni tatu.

Jambo dogo la mwisho. Kwenye barua yako umeandika "My mother she wake up early". Hiyo "she" ni ile a- ya "mama *a*naamka" unayoitafsiri peke yake. Kiingereza kikishamtaja mama hakimtaji tena. "My mother wakes up early."

Assalam alaykum mwalimu. Nnafanya kazi ya kupokea wageni hoteli moja pwani ya mashariki, Unguja. Asubuhi nilimuuliza mgeni "Did you slept well?" Msimamizi akanisahihisha pale pale mbele ya wageni, wakacheka. Lakini usiku ulikuwa umeshapita. Mbona nisitumie "slept"?
*Mpokea wageni, Unguja*

Waalaykum salaam, dada yangu. Nimesikitika kwa ulivyofanyiwa. Mtu husahihishwa pembeni, na swali lako lina akili kuliko kicheko chao.

Sema kwa Kiswahili kwamba jana ulilala. "Nililala." Sasa likanushe. "Sikulala." Ile -li- imekwenda wapi? Imeondoka, kwa sababu -ku- imekuja na wakati uliopita imeubeba yenyewe. Hakuna Mswahili atakayesema "sikulilala". Akisema hivyo tutamwona ameubeba usiku mmoja mara mbili. "Did you slept" na "I did not slept" ni "sikulilala" ya Kiingereza. "Did" imeshabeba jana yote, kitenzi kinachofuata kinabaki kitupu: "Did you sleep well?" "I did not sleep."

"Does" nayo ni hivyo hivyo kwa ile s tuliyomweleza mdogo wako wa Musoma. "He wants water." Ukiuliza, s inarukia kwenye "does" na kumwacha mwenzake: "Does he want water?" Ukikanusha: "He does not want water." Anayesema "Does he wants" ameweka s mbili kwa mtu mmoja.

Halafu kuna vitenzi visaidizi ambavyo s havijui kabisa: "can", "may", "must", "will", "should". "She can swim", "he must pay", na kinachofuata ni kitupu daima. Katika barua za wasomaji "He can speaks" naikuta kila mwezi.

Kwa kazi yako, zoea hizi mpaka zitoke zenyewe: "Did you sleep well?" "Did they bring your towels?" "Does the room have enough water?" "Your driver has not come yet." Kwenye swali la pili usikubali "Did they brought". Wageni huelewa hata ukikosea, lakini ukizisema sawa hakuna atakayekukatiza tena mbele ya watu.

Mwalimu, nasikiliza mpira wa Uingereza redioni. Mtangazaji Mwingereza anasema "Arsenal are leading". Arsenal ni timu moja. Anakosea lugha yake?
*Dereva wa bajaji, Mbeya*

Hakosei, kaka. Wewe mwenyewe Jumamosi unasema "Simba imeshinda" au "Simba wameshinda"? Utasikia yote mawili, hata kwa mtu mmoja ndani ya dakika moja. Ukisema imeshinda unaiona klabu. Ukisema wameshinda unawaona wachezaji kumi na mmoja. Waingereza kwenye mpira huona wachezaji, "Arsenal are leading". Wamarekani kwa kawaida huona klabu, na huweka "is". Kwenye mtihani chagua moja ulishike hadi mwisho wa insha.

Polisi hawana uchaguzi huo: "The police are here", daima wengi, sawa na "Polisi wamefika". "People are" nayo ni hivyo. Lakini "news" ina s na bado ni umoja, "The news is good", ingawa sisi husema habari ni *n*zuri na *zi*mefika. Hapo Kiswahili hakisaidii, kariri tu. Kariri pia "information", "advice", "furniture" na "luggage". Hayo hayapokei s ya wingi na kitenzi chake ni cha umoja. "Furnitures" naiona kwenye mabango ya maseremala kila ninapopita barabarani.

Mwalimu, hujambo. Niko kampuni ya kutoa mizigo bandarini, Mombasa. Nimebishana na mwenzangu wiki nzima. Nimeandika "The list of damaged items is attached". Yeye anataka "are", eti vitu ni vingi. Nani kashinda? Na je, "One of the containers have a hole" ni sawa?
*Karani, Mombasa*

Sijambo, ndugu yangu. Umeshinda wewe, na shahidi ni lugha ya mama. Mwambie mwenzako atafsiri: "Orodha ya vitu vilivyoharibika *i*meambatishwa." Angesema "orodha ya vitu *vi*meambatishwa"? Asingesema hata akiwa usingizini. Vitu vimesimama karibu na kitenzi, lakini si vyenyewe vilivyoambatishwa. Kilichoambatishwa ni orodha. Kiswahili kwa sababu kina ngeli nyingi kinalifichua kosa hilo mara moja. Kiingereza kina mbili tu, ndiyo maana jina lililo karibu linaweza kumlaghai hata mwenye lugha. Waingereza wenyewe huteleza hapo, hasa maneno yakiwa mengi kati ya kiima na kitenzi. Wewe una kifaa wasichokuwa nacho, kitumie.

La pili vivyo hivyo. "Mojawapo ya makontena *li*na tundu", si "yana". "One of the containers has a hole." Na "kila", umewahi kuisikia ikichukua wingi? Kila kontena *li*na namba yake. "Every container has its number", "each of the containers has its number". Ukiona "every", "each", "everybody", sema kila moyoni na s itakuja.

Nikuonye lakini mahali pawili ambapo Kiswahili kitakupoteza, na kwenye barua za ofisi zote mbili hutokea sana.

Ya kwanza ni "kuna". Sisi tunasema kuna kontena moja, kuna makontena kumi, na neno halitikisiki. Kiingereza kinachungulia mbele kwanza: "There is one container", "There are ten containers". Kwa mdomo utawasikia hata wao wakisema "there's" mbele ya vitu vingi. Kwenye barua ya kampuni usifanye.

Ya pili ni "pamoja na". Sisi tukisema meneja pamoja na wasaidizi wake *wa*mefika, tumewahesabu wote, na hakuna wa kutulaumu. Kiingereza cha maandishi rasmi kinapambanua. Ukitumia "and" umewaunganisha, wote wanahesabiwa: "The manager and his assistants are here". Ukitumia "together with" au "as well as", wa kwanza peke yake ndiye mwenye kitenzi, hao wengine wamesindikiza: "The manager, together with his assistants, is here". Na ukiandika "neither" na "nor", kitenzi humfuata aliye karibu naye: "Neither the driver nor the clerks were present", lakini "Neither the clerks nor the driver was present". Mimi ningekushauri wengi watangulie na mmoja afuate pale tu inapobidi, maana hiyo ya mwisho, ingawa ni sahihi, inakwaruza sikio.

Mwalimu, mwanangu wa darasa la tatu anasoma shule ya Kiingereza. Alionyeshwa picha ya mama mwenye gauni jekundu, akaandika "The mother has worn a red dress". Amekosa. Nikimuuliza kwa Kiswahili ananijibu "mama amevaa gauni jekundu", na "ame" tulifundishwa ni "has". Hata mimi sielewi kosa liko wapi.
*Mama wa watoto watatu, Dodoma*

Kosa halikuanzia kwa mtoto, mama. Limeanzia kwa hiyo "ame ni has" tuliyofundishwa sote, nami nimeifundisha pia. Ni nusu ya ukweli.

-Me- yetu ina kazi mbili. Mara nyingine inasema jambo limetendeka na kuisha: amefika, amelipa, amevunja kikombe. Hapo "has" ni mahali pake: "He has arrived", "She has paid", "She has broken a cup". Mara nyingine inasema jambo lilitendeka na mtu yumo ndani yake mpaka sasa: amevaa, amelala, amesimama, amekaa, amebeba, amechoka, amekasirika. Ukimwona mtu amelala hutaki kueleza kwamba tendo limeisha. Yupo hapo, anakoroma. Kiingereza hapo hakitaki "has". Kinataka "is": "is wearing", "is sleeping", "is standing", "is sitting", "is carrying", "is tired", "is angry".

Mfundishe mwanao kuuliza swali moja: bado? Mama amevaa gauni, bado analo mwilini? Ndiyo. Basi ni "is wearing". Baba amelipa, bado analipa? Hapana, kumekwisha. "Has paid." Mchezo huu mnaweza kuucheza jikoni mkichambua mchele, na kila aliye karibu atakuwa picha yenu. Bibi amekaa, paka amelala, sufuria imejaa. Hiyo ya sufuria ni "is full".

Kuna tawi jingine la shina hili. Sisi tunasema "nimemwona jana" na hatuoni tabu. Kiingereza kikishasikia "yesterday" hakipokei tena "have". "I saw him yesterday." Siku, mwaka au saa iliyopita ikitajwa, rudi kwenye -li-. Nimezaliwa mwaka 1990 ni "I was born in 1990".

Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Katika Biblia ya zamani ya Kiingereza Zaburi ya 23 inasema "he leadeth me". Sisi tulifundishwa "leads". Na mbona tunaandika "God bless Africa" bila s, wakati Mungu ni mmoja?
*Mwimbaji wa kwaya, Moshi*

Amen. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha.

Hiyo Biblia ilitoka mwaka 1611. Zamani Waingereza wa kusini walimalizia kitenzi kwa "eth" na wa kaskazini kwa s. S ya kaskazini ikashuka kusini kidogo kidogo, na kufikia wakati wa Shakespeare zote mbili zilikuwa mdomoni. Katika ule mchezo ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri kuwa *Mabepari wa Venisi*, kuna mstari wa kuisifu huruma unaozitumia zote mbili pamoja: "It blesseth him that gives and him that takes." "Blesseth" moja, "gives" na "takes" pembeni yake, mwandishi mmoja, kwa mkono mmoja. Watafsiri wa Biblia walishika "eth" iliyokuwa ya zamani na yenye uzito wa ibada. Mitaani s ilikuwa inashinda, na "eth" imebaki kanisani na katika mashairi.

Sasa fungua Zaburi hiyo hiyo kwa Kiswahili: "Katika malisho ya majani mabichi hunilaza, kando ya maji ya utulivu huniongoza." Hunilaza, huniongoza! Kule "maketh" na "leadeth", huku hu-. Watafsiri wetu walisikia kwamba ni jambo la siku zote, halina jana wala kesho. Nilipoligundua hilo nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kanisa, na mahubiri ya siku ile, nakiri, sikuyasikia tena.

"God bless Africa" haina s kwa sababu haitoi taarifa. Ni maombi. "God blesses Africa" ingekuwa habari, kwamba Mungu huibariki Afrika. Wimbo wetu wa taifa hauelezi. Unaomba: Mungu ibariki Afrika. Tofauti hiyo sisi tunayo pia, ila tunaiweka kwenye irabu ya mwisho. "Mungu anakusaidia" ni taarifa, "Mungu akusaidie" ni dua. Kiingereza hakina -e hiyo, kwa hiyo kinaivua s: "God helps you" ni taarifa, "God help you" ni dua. Kuna mabaki mengine ya namna hii, kama "if I were you" pale tunaposema ningekuwa wewe. Hiyo "were" haihesabu watu. Inasema tu kwamba jambo halipo.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani sokoni Babati, nina mke wangu na kijana mmoja tunayefanya naye kazi. Mwisho wa mwezi mchoraji atanichorea bango, na wateja wengine ni wageni. Nimeandika "Here we sews and repair school uniform. Good work are our pride." Nisaidie kabla rangi haijamwagwa.
*Fundi, Babati*

Marahaba, fundi. Umefanya vizuri kuuliza mapema, rangi ya mafuta haifutiki kwa kifutio.

"We" ni tu-, tunashona, mko watatu, kwa hiyo "sew" bila s. "Repair" umeipatia, na vitenzi vyote viwili vina mwenyewe mmoja, lazima vivae sare moja. "Here" iondoe, bango liko hapo hapo. "Uniform" moja haitawatosha wanafunzi wa Babati, weka "uniforms". Na "good work" ni kazi nzuri kwa ujumla, haihesabiki moja mbili, inakwenda na "is". Bango lako ni hili:

WE SEW AND REPAIR SCHOOL UNIFORMS. GOOD WORK IS OUR PRIDE.

Ukipenda kuanza na jina lako badala ya "we", utakuwa mtu mmoja anayesemwa, na s zitarudi kwenye vitenzi vyote viwili: "sews and repairs". Mwandikie mchoraji maneno kwa herufi kubwa kwenye karatasi, na ukae naye akichora. Wachoraji wengine wakiona nafasi inaisha upande wa kulia huidondosha herufi ya mwisho ya "uniforms". Hiyo s ni ya jina. Mwambie asiiguse.